Nyota Zilizoachwa Nje

Mnamo Machi 2009 Marekani ilirusha darubini ya anga iliyoitwa Kepler. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kukodolea macho kipande kimoja tu cha anga, upande wa makundinyota ya Cygnus na Lyra, na kusubiri nyota zififie. Nyota ikififia kidogo kwa saa kadhaa, ikarudi kawaida, halafu ikafifia tena baada ya muda uleule, huenda kuna sayari inayopita mbele yake.

Katika kipande hicho kulikuwa na nyota kama nusu milioni zenye mwangaza wa kutosha kupimwa vizuri. Kepler haikuzifuatilia zote. Ilipewa orodha ya takriban 150,000, na hakuna mtu aliyekaa na kalamu akizichagua moja baada ya nyingine. Zilipangwa na programu ya kompyuta kwa vigezo vya hesabu. Zile zingine, kama 350,000 hivi, mwanga wao ulisafiri miaka mamia au maelfu, ukaingia kwenye kamera ileile, halafu haukuhifadhiwa. Kamera ilikuwa na pikseli milioni 95, lakini zilizotumwa duniani zilikuwa karibu asilimia 6 tu. Kumbukumbu ya chombo ilikuwa ndogo, na data ilitumwa nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo ilibidi mtu aamue, na aliyeamua akawa programu.

Nimekuwa nikiziwaza hizo 350,000. Najua ni kitu cha ajabu kuwaza ukiwa umekwama kwa jam ya Thika Road huku makanga anakudai pesa aliyokwisha kuchukua. Lakini swali lenyewe limekataa kuniacha: ni haki kuamua nani atazamwe kwa kutumia kile tunachokijua tayari?

Tuanze kwa kuelewa programu ilifanya nini, maana ni rahisi kulaumu kitu usichokielewa. Miaka kadhaa kabla ya Kepler kuruka, wanaanga walizipiga picha nyota za eneo lile wakitumia darubini za ardhini, wakakadiria joto, ukubwa na mwangaza wa kila moja. Kisha programu ikaiuliza kila nyota swali moja: kama ungekuwa na sayari yenye ukubwa wa Dunia, ikikuzunguka kwa umbali ambapo maji hayagandi wala hayachemki, je, Kepler ingeiona? Nyota ambazo jibu lao lilikuwa "ndiyo" zilipanda juu ya orodha. Matokeo yake, zaidi ya 90,000 kati ya zilizochaguliwa zilikuwa za aina ya Jua letu. Vibete vyekundu, zile nyota ndogo zilizopoa, zilikuwa kama 3,000 tu. Na ukumbuke vibete vyekundu ndivyo vingi zaidi katika galaksi yetu, takriban saba kati ya kila nyota kumi. Walio wengi mtaani wakawa wachache kwenye orodha. Sababu ni kwamba mwanga wao ni hafifu, kamera inapata shida kuwaona. Hakuna aliyewachukia.

Sitaki kuigeuza programu iwe adui. Kuchagua hakukwepeki. Darubini ni chache na anga ni kubwa. Mwaka 2023, James Webb ilipofungua maombi ya awamu yake ya tatu, zaidi ya miradi 1,900 iliombwa, na saa zilizoombwa zilikuwa karibu mara tisa ya saa zilizokuwepo. Hata ukishachagua, kupanga ratiba ni kichwa kuuma. Hubble ilipokuwa ikiandaliwa, kupanga kazi zake za wiki moja kulikuwa kunachukua wiki tatu. Watafiti wakagundua mbinu iliyopunguza kazi hiyo hadi dakika kama 10. Mbinu yenyewe mama yeyote aliyewahi kulaza wageni wa matanga kwenye nyumba ya vyumba viwili anaijua: waweke wote kwanza popote, halafu mhamishe yule anayegongana na wengine, mpeleke pale atakapogongana na wachache zaidi, na urudie hadi nyumba itulie. Bila programu kama hiyo, muda mwingi wa darubini ungepotea ikisubiri binadamu wamalize mkutano.

Na kuna utetezi mwingine, ambao sisi vijana wa hapa tunauelewa kuliko wengi. Mbadala wa programu ni nani? Mara nyingi ni mjomba. Ni yule mtu anayeulizwa, "Huyu ni mtoto wa nani?" kabla ya kuulizwa huyu anajua nini. Programu haina mjomba. Haiombi kitu kidogo, wala haichoki saa kumi jioni ikaanza kukataa kila ombi. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo nafasi zinagawanywa kwenye nyama choma, mashine isiyokujua inaweza kuonekana kama ukombozi.

Naukubali utetezi huo, lakini sio wote. Programu haina mjomba, sawa, lakini ina kumbukumbu ya yule aliyeiandika. Inabeba wazo lake la kitu kizuri kinafanana na nini. Kepler ilitafuta Dunia nyingine, kwa hivyo ikatazama zaidi nyota zinazofanana na Jua. Hiyo ni busara. Pia ni kujitafuta kwenye kioo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia tangu shule ya msingi na kwa muda mrefu niliiamini. Sasa hebu tuangalie nyota inayoitwa TRAPPIST-1. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 40 kutoka hapa, ambao kianga ni jirani wa ploti ileile. Ni ndogo sana, upana wake haupiti wa sayari ya Mshtarii kwa mengi, na uzito wake ni kama asilimia 9 tu ya uzito wa Jua. Ni ile aina ya nyota ambayo miradi mingi iliiruka kwa sababu ni hafifu mno. Kundi la watafiti lililoongozwa na Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, liliamua kutazama nyota kama hizo kwa makusudi, likitumia darubini ya sentimita 60 iliyoko Chile. Sentimita 60 ni upana wa sinia ya pilau ya harusi. Mwaka 2016 walitangaza sayari tatu. Februari 2017, baada ya darubini ya anga ya Spitzer kuitazama nyota hiyo kwa takriban saa 500, idadi ikafika saba. Sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia, tatu kati yake zikiwa katika umbali ambapo maji yanaweza kuwa maji. Leo Webb yenyewe inapanga foleni kuitazama.

Kizuri kile hakikujiuza. Kilikuwa pale miaka yote kikiwaka kwa unyonge wake, na kingeendelea kukaa vilevile kama mtu hangeamua kwenda kinyume na orodha. Kitu kizuri hujiuza pale tu jicho linapopita karibu. Jicho likielekezwa kwingine, kizuri na kibaya vyote vinakaa gizani, na aliye gizani hana namna ya kujitembeza.

Hiyo ni hasara ya kwanza: kigezo kinaona kile tulichokwisha kukijua. Ya pili ni kwamba hata ukichaguliwa, unaweza usionekane. Kuna nyota iliyokuwa kwenye orodha ya Kepler yenye namba KIC 8462852. Programu zilizopekua data zilikuwa zimefundishwa kutafuta mfifio mdogo, unaojirudia kwa muda sawa, kama saa ya ukutani. Nyota hii ilififia bila mpangilio wowote, na mwaka 2013 mwanga wake ukapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Hata sayari kubwa kama Mshtarii ingepunguza mwanga wa nyota ya aina hiyo kwa asilimia 1 au pungufu. Waliosema "ngojeni kwanza, hii ni nini?" walikuwa watu wa kujitolea, raia wa kawaida waliokaa nyumbani wakiangalia michoro kwenye kompyuta zao. Mwanaanga Tabetha Boyajian aliongoza utafiti uliofuata, na nyota ikapewa jina lake. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni vumbi. Hata kama jibu ni vumbi, swali lilikuwa la kweli, na liliulizwa na macho ambayo hayakuwa yameambiwa yatafute nini.

Sasa najua kuna msomaji anayeniuliza: na hiyo inatuhusu nini? Nyota haina hisia. Nyota isiyotazamwa haipotezi kitu. Haina fees ya kulipa wala mtoto wa kulisha.

Kweli kabisa. Na hapo ndipo jambo hili linaniuma.

Binamu yangu alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana aliomba kazi kwenye kampuni moja kubwa mjini kupitia tovuti yao. Alituma CV saa sita na dakika kumi usiku, baada ya kuingoja bando ya usiku ambayo ni rahisi. Jibu la kumkataa lilifika kabla ya saa sita na nusu. Akanipigia simu. "Kaka, kuna mtu alikuwa macho akanisoma?" Nikamwambia sidhani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Si ningejua tu ni nini walikuwa wanatafuta. Hata kama sina, ningejua sina nini." Sikuwa na la kumjibu. Sijui kama kampuni ile ilikosea. Pengine kweli hakuwa anafaa. Lakini yeye pia hajui hadi leo, na kutojua huko kumemfanya aanze kujipunguza mwenyewe: leo anasema ni chuo alichosoma, kesho ni jina lake, keshokutwa ni mtaa anaotoka.

Wengi wetu tunaishi ndani ya orodha za namna hiyo. Apu ya mkopo inasoma simu yako na kuamua kama unaaminika. Tovuti ya kazi inapekua CV yako ikitafuta maneno fulani. Mtandao wa kijamii unaamua wimbo wa nani upande na wa nani uzame. Kila mmoja wetu amewahi kuwa mwanga uliogusa kamera na haukuhifadhiwa.

Lakini kuna tofauti moja kati ya wanaanga na hizi orodha zetu, na kwangu mimi hoja yote iko hapo. Mwanaanga anajua tofauti ya "hatukuona" na "hakuna". Nyota ambazo Kepler haikuzifuatilia hazikuandikwa popote kwamba hazina sayari. Ziliandikwa kwamba hazina data. Hata zile zilizofuatiliwa kwa miaka minne bila kufifia hazikuhukumiwa. Kwa nini? Kwa sababu ili tuione sayari ikipita, mzingo wake lazima uwe umelala sawasawa na macho yetu. Kwa sayari kama Dunia inayozunguka nyota kama Jua, uwezekano wa hilo ni kama 1 kati ya 200. Kwa hivyo wanaanga wakiona moja, wanafanya hesabu ya unyenyekevu: kwa hii moja tuliyoiona, kuna zingine kama 200 ambazo ziko pale ila hazijalala upande wetu. Kepler ilisaidia kuthibitisha sayari zaidi ya 2,600 kabla ya kustaafishwa Oktoba 2018, lakini kauli kubwa iliyotokana nayo, kwamba sayari katika galaksi hii zinaweza kuzidi nyota kwa idadi, haikutoka kwa zilizoonekana peke yake. Ilitoka kwa kuzihesabu kwa uaminifu zile ambazo hazikuonekana.

Sisi kwa watu tunafanya kinyume. Kijana hakuchaguliwa, basi hafai. Msichana hakuitwa interview, basi hana lolote. Mtu hana historia ya mkopo, basi ni hatari. "Hatukukutazama" inageuka kimyakimya kuwa "hakuna cha kutazama". Waswahili wana msemo, asiyekuwepo na lake halipo. Kama onyo kwa mtu anayekwepa vikao ni msemo mzuri. Kama sera ya kugawa maisha ya watu, ni ukatili. Asiyekuwepo lake lipo. Ni wewe hukumuita.

Ndiyo maana nasema kuchagua kwenyewe si dhambi. Dhambi ni kusahau kwamba ulichagua. Chombo kina nafasi ya asilimia 6, haya, tumekubali, rasilimali ni finyu. Lakini anayechagua ana deni kwa wote walioachwa, na deni hilo lina sehemu tatu.

Kwanza, kigezo kiwe wazi. Vigezo vya Kepler vilichapishwa. Mtu yeyote anaweza kusoma kwa nini nyota fulani iliingia na nyingine ikakosa, akabisha, na wengi walibisha. Binamu yangu hakuomba kazi kwa lazima. Aliomba ajue swali lilikuwa nini. Na kisheria hakuomba makubwa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake, isipokuwa katika hali fulani zilizotajwa, na inamruhusu kuomba uamuzi utazamwe upya. Ni wangapi kati yetu tunaijua? Mimi mwenyewe nimewauliza marafiki kumi, na ni mmoja tu aliyekuwa ameisikia, naye ni wakili.

Pili, ondoa kwenye kigezo kile kisichohusika. Mwaka 2018 wasimamizi wa Hubble walianza kuficha majina ya wanaoomba muda wa darubini, ili wanaochagua wasome wazo bila kujua ni la nani. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, maombi yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yakifaulu zaidi. Katika awamu ya kwanza ya mfumo mpya, yale yaliyoongozwa na wanawake yakapita kidogo. Darubini ilikuwa ileile na anga lilelile. Kilichoondolewa ni jina tu. Huyo ndiye mjomba akitolewa nje ya chumba.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, tenga sehemu ya macho yako kwa ajili ya kile usichokitarajia. Desemba 1995, Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha Hubble, alitumia muda uliokuwa chini ya hiari yake kuielekeza darubini mahali palipoonekana patupu katika Ursa Major. Wenzake wenye heshima zao walimwonya: muda ule ni ghali, na huenda usione kitu. Hubble ikakodolea giza kwa siku kumi mfululizo. Giza lile lilikuwa na galaksi kama 3,000. Hakuna programu ya vipaumbele ambayo ingepapa pahali patupu alama za juu. Ilihitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema: kutoona kwetu hakujathibitisha kitu, twende tukatazame.

Jambo hili halijatoka ng'ambo pekee. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa elimu ya anga ya eksirei, na kwa heshima ya siku hiyo na nchi hii ikapewa jina Uhuru. Uhuru haikupewa orodha ya vipenzi. Ilijizungusha polepole na kufagia anga lote, kila upande, ikiandika kila kilichowaka. Ilikusanya vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi si hadithi. Miaka mingi baadaye, Malindi hiyohiyo ikawa kituo cha kupokea data za Swift, setilaiti iliyorushwa 2004, ambayo ina programu ndani yake inayoamua yenyewe, bila kungoja ruhusa ya mtu, kama mlipuko mpya angani unastahili kuachia kazi iliyopo na kugeuka. Swift haingefaa bila programu hiyo, maana milipuko ile haingoji mkutano.

Kwa hivyo simwambii mtu achague kati ya Uhuru na Swift. Tunazihitaji zote mbili. Tunahitaji programu inayoamua haraka, na tunahitaji, mara kwa mara, jicho linalofagia bila kuuliza wewe ni nani. Ninachokataa ni ulimwengu wenye Swift peke yake, ambapo kila uamuzi ni wa haraka, kila kigezo ni siri, na hakuna anayerudi kufagia.

Wewe unayesoma hii huenda hujengi darubini. Lakini kesho kutwa utapewa kundi la CV upunguze, au utaandika kodi ya apu, au utakuwa kwenye kamati ya bursary ya wadi yenu, na fomu zitakuwa 400 huku nafasi zikiwa 30. Utachagua, na hilo halina ubaya. Omba tu hizo 370 zingine ziandikwe kwa neno la kweli. Zisiandikwe "hazifai". Ziandikwe "hatukuzitazama".